Ukaguzi wa Kopo la Mama Mkwe

Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini wauza dawa wa mji mzima walimwita Bi Tarehe, na kwa kuwa wao ndio waliomwona kila siku ya kazi, jina la wazazi likabaki kwenye kitambulisho. Alikuwa mkaguzi wa maduka ya dawa. Akiingia dukani alishika boksi la kwanza lililo karibu, akaligeuza chini juu, na kabla hujamaliza kuitikia salamu, jicho lake lilikuwa limeshatua pale panaposema dawa inaisha lini. Walisema hata akialikwa harusini huigeuza chupa ya soda kwanza. Walisema kwa utani, ila hawakuwa wamekosea.

Usidhani alikuwa mwanamke mkali. Mkali wapi! Alikuwa mfupi, amejaa kidogo, mwenye viatu vya raba na mkoba mweusi ulioshonwa na kushonwa tena, na kicheko kilichotangulia kufika kabla yake. Wakaguzi wengine huingia dukani kama wanaokuja kukamata mwizi. Bi Tarehe aliingia akiuliza kama mtoto amepona jino, mama amerudi safari, yule fundi bomba hatimaye amekuja au bado "yuko njiani". Huku akiuliza, kiganja chake kilikuwa kimeshafika ukutani nyuma ya rafu. Ukuta unaopigwa na jua la mchana hupika dawa taratibu, na kipimajoto kilichotundikwa ukuta wa pili hakina habari. Akiondoa kiganja akasema, "Baba, hizi dawa za watoto hebu zihamie kule," basi zilihama siku hiyo hiyo, na hakuna aliyejiona ametukanwa.

Lakini hakuna alikofurahi kama kwenye friji. Friji ya duka la dawa ina kazi yake, kutunza insulini na ndugu zake wasiostahimili joto. Tatizo ni kwamba joto ni joto na binadamu ni binadamu. Siku moja, katika duka la bwana mmoja mwenye kitambi cha heshima, alikuta bakuli la maharage limelala ubavuni mwa insulini.

"Na hii," akauliza, akiliinua bakuli kwenye mwanga kana kwamba anatafuta tarehe, "mgonjwa anatumia mara ngapi kwa siku?"

"Mara moja, mama. Mchana," bwana akajibu, jasho likimtoka.

"Madhara yake?"

"Usingizi."

Walicheka wote wawili mpaka wateja wakachungulia. Alipomaliza kucheka alimwandikia onyo lile lile ambalo angemwandikia mtu aliyemnunia. Ndivyo alivyokuwa huyu mama, kicheko chake na kazi yake havikuwahi kugombana. Na maharage hayakuonekana tena kwenye friji ile.

Jambo moja tu lilimkunja uso, nalo ni mkasi. Mteja anakuja kutaka vidonge vichache, muuzaji anachukua ile pakiti ya kung'aa yenye vidonge vilivyojipanga, anakata kipande. Hakuna ubaya, mradi aanze kukata upande usioandikwa, kisha aandike jina la dawa na tarehe kwenye bahasha. Akianzia upande ulioandikwa, jina na tarehe vinaondoka na mteja wa kwanza, na vidonge vinavyobaki havina baba wala mama. "Dawa yatima," ndivyo Bi Tarehe alivyoviita, na kila muuzaji wa mji ule aliujua wimbo wake: yatima hauzwi, hagawiwi, hatolewi sadaka.

Sasa tumfuate nyumbani, tuone kwa nini watu husema mganga hajigangi.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, mwenye pini mdomoni muda wote, jambo lililompa sababu nzuri ya kutojibu maswali magumu. Cherehani ilikaa barazani. Chumba cha uani alikaa mama yake fundi, yaani mama mkwe wa Bi Tarehe, mjane mrefu, mkavu, mnyoofu kama rula. Huyu alikuwa mhudumu wa wodi tangu usichana wake mpaka kustaafu. Alitandika vitanda, alimwaga mabeseni, aliwashika mkono wagonjwa wanaosubiri upasuaji. Kazi iliisha, lakini mkono wa kuhudumia haukustaafu. Chini ya kitanda chake kulikuwa na kopo kubwa la biskuti, na ndani yake hapakuwa na biskuti.

Humo kulikuwa na kila dawa iliyowahi kubaki katika ukoo. Mtoto akipona kikohozi kabla chupa haijaisha, chupa ilikwenda kwenye kopo. Shangazi akibadilishiwa dawa, za zamani zilikwenda kwenye kopo. Na mtaa ulijua. Mwenye jino, mwenye mgongo, mwenye tumbo la kukata, wote walipitia mlango wa uani. "Pole mwanangu, subiri," bibi alisema, akavuta kopo, akatafuta, akakata. Mtu aliondoka na vidonge viwili vitatu na maneno ya faraja, na kusema kweli maneno ndiyo yaliyoponya zaidi.

Bi Tarehe alijua. Angekosaje kujua, naye anakaa nyumba hiyo hiyo? Mwanamke aliyewahi kulifunga duka la tajiri mwenye maghorofa bila kupepesa jicho, alipita mbele ya kopo lile kama mtu aliyefumba macho. Utamwambia nini mama aliyemzaa mumeo, aliyekulelea wanao ili wewe uende kazini, na ambaye hajawahi kukuinulia sauti? Kila alipojipa moyo, ulimi uliota mizizi. Akajifariji kwamba ni dawa za mafua na maumivu tu, hakuna aliyekufa. Wauza dawa wakimjibu hivyo yeye huwaambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwake aliuona ufa, akautundikia pazia.

Siku moja alikuwa akikagua duka dogo karibu na kituo cha mabasi, la binti mmoja mwenye miwani mikubwa, ambaye wateja walimwita Dada Miwani. Bi Tarehe alikuwa amechuchumaa nyuma ya kaunta akipekua rafu ya chini, mteja akaingia.

"Dada, nisaidie vidonge kama hivi."

"Vinaitwaje?"

"Nitajulia wapi mimi? Si unaviona, vidogo, vya pinki. Vya kichwa."

"Kaka, hiki kipande hakina jina. Hakina hata tarehe. Umekipata wapi?"

"Nimepewa na bibi mmoja mtaani kwetu. Ana mkono mwepesi yule bibi, acha tu! Kichwa kimetulia kabisa. Ila kizunguzungu sasa. Jana nilikuwa juu ya paa, nusura nije chini na bati lenyewe."

"Dawa yatima siuzi," Dada Miwani akasema, kwa sauti ya juu kidogo ili aliye chini ya kaunta asikie.

Bi Tarehe akainuka taratibu. Sauti ile aliijua. Mteja alikuwa fundi seremala, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, rafiki wa mumewe tangu utoto.

"Shemeji!" seremala akafurahi. "Kumbe upo! Basi mwambie huyu binti anipatie. Si zimetoka kwenu hizi, kanipa mama."

Dada Miwani akaanza kuitazama dari. Kuna nyakati dari huwa na mambo mengi ya kutazama.

Bi Tarehe alikipokea kile kipande. Ukingo wake ulikuwa na meno madogo madogo, kama ya msumeno. Mkasi wa namna hiyo, wa kuzuia kitambaa kisifumuke, ulikuwa mmoja tu mtaani kwao, na ulining'inia kando ya cherehani ya mumewe. Hapo aibu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini kilichomfanya ashike kaunta haikuwa aibu. Vidonge vile havikuwa vya kichwa. Vilikuwa vya presha. Yeye mwenyewe ndiye aliyevileta nyumbani kila mwezi, kwa ajili ya mama mkwe, ambaye daktari alishasema waziwazi kwamba presha yake haitaki mchezo, akikosa dawa anaweza kuanguka asiinuke tena. Sasa kama vidonge vya mama vinatembea mtaani, mama anameza nini?

Alimkalisha seremala kwenye stuli, akamvalisha kipimo cha presha cha dukani. Presha yake ilikuwa imelala chini kama paka kivulini.

"Shemeji, umemeza dawa ya mtu mwingine. Usiiguse tena. Leo hupandi paa, hupandi ngazi, hata kiti usipande. Kutoka hapa unakwenda hospitali, wakutazame na hicho kichwa kinaumia nini."

"Nimekusikia." Seremala akaikunja kofia yake mkononi. "Lakini shemeji, usimgombeze mama. Mimi ndiye niliyekwenda kuomba."

Bi Tarehe akamgeukia mwenye duka. "Dada, leo sikumaliza. Nitarudi."

"Nenda, mama," binti akasema, sasa ameiacha dari. "Duka halina miguu."

Alikuta mumewe barazani, mguu ukienda, kitambaa kikipita.

"Mama anagawa dawa zake za presha."

Cherehani ikanyamaza. Fundi akatema pini zote kiganjani.

"Zote?"

"Nitajuaje? Nenda kaongee naye."

"Mimi?"

"Mama si wako?"

"Ndiyo maana siwezi! Akinitazama tu narudi kuwa mtoto wa kaptula." Akafikiri, akapata njia ya kutokea. "Wewe ndiye mkaguzi."

Alisema ili ajiokoe, maskini, lakini neno lilimwingia mkewe. Kama mkwe, kinywa chake kilikuwa na kufuli. Kama mkaguzi, hakuwahi kukosa la kusema. Bi Tarehe akafungua mkoba, akavaa koti lake jeupe, akaning'iniza kitambulisho shingoni, akachukua kipimo cha presha cha nyumbani, akaizunguka nyumba mpaka mlango wa uani.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mkaguzi wa dawa."

Ndani kitanda kikalia.

"Mkaguzi gani huyo mwenye sauti ya mkwe wangu?"

"Shikamoo, mama. Ni kazi tu. Nimekuja kukagua duka."

Yalipomtoka maneno hayo, miguu ya Bi Tarehe ilikuwa tayari kurudi ilikotoka. Lakini bibi alikuwa ameishi maisha yake yote chini ya wakubwa wa wodi waliopita na kalamu wakichungulia chini ya vitanda. Ukaguzi aliujua. Alisikika akivuta shuka ikanyooka, kisha mlango ukafunguliwa, naye amesimama wima, mikono nyuma.

"Marahaba. Karibu, mkaguzi. Duka langu dogo, usinicheke."

Akavuta kopo, akaliweka kitandani, akafunua mwenyewe. Bi Tarehe akaketi upande wa pili, wakaanza.

"Hii ya kikohozi imeganda, mama."

"Ilikuwa nzuri sana hiyo."

"Na hii ya macho, ilifunguliwa lini?"

"Mumeo alipokuwa na macho mekundu."

"Lini hiyo?"

Bibi akahesabu kimoyomoyo. "Alikuwa hajaanza shule."

Bi Tarehe akaiweka kando kwa ncha za vidole. "Na haya madonge makubwa?"

"Ya minyoo."

"Ya minyoo ya ng'ombe, mama."

"Aa!" Bibi akapiga paja. "Ndiyo maana yule mama wa kona alilalamika yanakwama kooni!"

Hapo wote wawili wakashindwa. Walicheka mpaka kitanda kikatikisika, bibi akijifuta macho, mkaguzi akishikilia kopo lisianguke. Huko barazani cherehani ilinyamaza tena, maana fundi alikuwa akisubiri ugomvi na sasa hakuelewa kinachoendelea.

Chini kabisa ya kopo vilikuwa vile vya pinki, vimekatwakatwa vizuri, vimepangwa.

"Na hivi, mama?"

"Hivyo vya kichwa."

"Mama."

"Vinatuliza kichwa. Mimi kichwa changu kilitulia."

"Bado unavimeza?"

Bibi akaanza kulainisha shuka ambayo haikuwa na kunyanzi lolote. "Nilikuwa nameza. Nilipopata nafuu nikasema, mimi sasa mzima, nitazimaliza peke yangu za nini, na wenzangu vichwa vinawauma?"

Bi Tarehe alimvalisha kipimo kwenye mkono, mkono mwepesi ule, ngozi na mfupa, akapampu, akasoma. Akatoa upepo. Akapampu tena, kana kwamba mashine ingeona haya ibadilishe maneno yake.

"Imepanda?"

"Imepanda, mama. Imepanda sana." Na hapo, pamoja na koti lake jeupe na kitambulisho chake, machozi yakamtoka. "Mama, utatufia."

"Nimeona wengi wakienda, mwanangu," bibi akasema kwa upole. "Kwangu si jambo geni."

"Kwangu ni geni!"

Bibi alimtazama sana. Alikuwa amezoea mkwe wa kuinamisha kichwa, huyu mwenye kufoka huku akilia hakuwahi kumwona.

"Haya, lifunge," akasema mwishowe, akilisukuma kopo. "Umeona makosa, funga. Ila nikwambie. Kule wodini niliitwa kutwa nzima. Mhudumu njoo, mhudumu maji, mhudumu nigeuze. Nikatamani siku moja wanisahau nipumzike. Nilipostaafu wakanisahau kweli. Nikakaa chumba hiki nasikiliza watu wakipita. Mpaka yule mama wa kona alipoumwa jino, ndipo mtu akabisha mlango huu. Sasa ukilifunga, atabisha nani?"

"Nitabisha mimi."

"Wewe?" Bibi akacheka, bila ubaya wowote. "Wewe ni mkwe mzuri, Mungu akuweke. Lakini dawa zangu huzitundika kwenye kitasa, ukasema 'mama, dawa,' ukaenda zako. Leo ndiyo mara ya kwanza umekaa kitandani kwangu. Na umekuja kwa kazi ya serikali."

Neno hilo lilimpata Bi Tarehe mahali ambapo hakuwa na koti. Miaka yote hiyo jambo hilo aliliita heshima. Kutoingia chumbani mwa mkwe, kutoketi, kutomtazama usoni, kutomsumbua. Watu wa ukoo walimsifu kwa hilo, naye akajisifu. Kumbe huku ndani mtu alihesabu heshima hiyo kuwa ni kuachwa.

Bi Tarehe alimwaga dawa zote kwenye mfuko wa kazini, zikateketezwe pamoja na za maduka. Akamwita mumewe, naye akaja mbio na futi ya kupimia shingoni, wakamchukua mama hospitali jioni ile ile. Daktari, kijana mdogo, alimkemea bibi kwa kuacha dawa. Bibi alikemewa kwa ustaarabu mkubwa, kama mtu aliyewahi kuwasikia madaktari wakikemea tangu huyu hajazaliwa, na daktari alipomaliza, bibi akamshauri anyooshe shuka ya kile kitanda cha wagonjwa. Walirudi na dawa mpya, zenye jina, zenye tarehe, na amri ya kumeza kila siku ajisikie mgonjwa asijisikie.

Asubuhi yake Bi Tarehe akabisha mlango wa uani. Koti hakuvaa. Mkononi alikuwa na glasi ya maji.

Bibi alichukua kidonge, akakiweka ulimini, akanywa maji yote. Kisha akapanua mdomo, akainua ulimi juu, akageuza kichwa kulia na kushoto, kama alivyokuwa akiwaamuru wagonjwa wakaidi.

"Umeona? Kimekwenda."

"Nimeona."

Nje gari la ofisi likapiga honi. Dereva yule hakuwa na subira, akapiga tena.

"Haya nenda, mwanangu. Wauza dawa wanakungoja."

"Wangoje," Bi Tarehe akasema. Akaketi kitandani, akaivuruga ile shuka iliyonyooka, glasi tupu mapajani. "Umelalaje, mama?"

Bibi alimtazama usoni, akipima kama swali lile ni la kazi au la nyumbani. Kisha akajisogeza, akaegemeza mgongo ukutani, akaanza kumwambia.